Siku Kaniki Alipovaa Njano

Mpwa wangu, binti wa dada yangu, ana jina zuri alilopewa alipozaliwa, lakini jina hilo linaishi kwenye vyeti tu. Nyumbani na mtaani anaitwa Kaniki, na aliyembandika ni mimi. Majina yangu yakikuganda hayabanduki hata kwa maji ya moto. Kuna jirani nilimwita Kijiko kwa tabia yake ya kuchokonoa mambo ya watu, na leo mkewe mwenyewe anamwita Kijiko, tena kwa mapenzi.

Kaniki, kwa vijana wasiojua, ni ile nguo nyeusi ya bei ya chini waliyojifunga bibi zetu wakienda kwenye kazi za kuchafuka. Mpwa wangu tangu alipoanza kujinunulia nguo hajavaa rangi nyingine. Nyeusi kichwani, nyeusi kiunoni, nyeusi miguuni. Akisimama kwenye kona ya ukumbi taa ikiwa hafifu, unaweza kumtundikia kofia.

Hajafiwa, hana nadhiri, wala hajaingia chama cha wachawi kama alivyodai Kijiko. Ni mtindo tu. Yeye anauita gothiki, na mara ya kwanza nilipojaribu kulitamka neno hilo nilijing'ata ulimi. Aliuona kwenye simu: vijana wa nchi za baridi wamevaa magauni meusi yanayoburura chini, lesi mpaka kwenye vidole, minyororo, buti za kumkanyagia nyoka, midomo kama waliotoka kuiba zambarau, na nyuso za watu waliodhulumiwa urithi.

"Mjomba," aliniambia, "hii siyo huzuni. Ni uzuri wa giza."

"Uzuri wa giza naujua," nikamjibu. "Umeme ukikatika huwa nautafuta kwa mikono, naupata kwa goti kwenye kona ya meza."

Akacheka mpaka mnyororo wa shingoni ukalia. Hilo watu hawalijui: katika nyumba ile hakuna anayecheka kama Kaniki.

Kazi yake ni kushona sare za shule. Karakana yao ni chumba kirefu juu ya duka la misumari na rangi: safu mbili za cherehani, pasi ya mvuke inayokohoa kama mzee wa tumbaku, na sakafu ambayo ukidondosha sindano, iage. Wengine wanashona mikono, wengine wanapiga vifungo, yeye amewekwa kwenye kola. Kutwa nzima ni kola za bluu, bluu ile iliyopauka kama maji ya kuoshea vikombe. Jioni, kabla ya kushuka ngazi, hujibandika solotepu mwilini na kuibandua, abandike tena abandue, kuondoa vumbi la pamba ya bluu lililoganda kwenye weusi wake. Mtu aliyetazama bluu tangu asubuhi ana haki ya kutaka giza.

Ila mshahara wa mshona kola haununui giza la dukani. Koti moja jipya la mtindo ule lingekula mshahara wake wote na kuomba maji ya kunywa. Kwa hiyo alilijenga kabati lake kama watu wanavyojenga nyumba: leo tofali, mwezi ujao tofali, mwezi wa tatu unapumzika kwanza ule.

Kwenye mitumba hakuwa mtu wa kugombania robota likifunguliwa. Alikwenda mchana, muuzaji amechoka na jua, akachimba chini kabisa ya rundo ambako kunalala vitu visivyotakiwa na mtu: majoho ya kwaya, vizibao vya wahudumu wa hoteli, mapazia ya mahameli yaliyoliwa na nondo upande mmoja.

"Dada, hilo ni pazia, siyo nguo," muuzaji alimwambia siku moja mbele yangu.

"Basi nipe kwa bei ya pazia bovu."

Akapewa. Upande mzima ukawa koti refu, na upande ulioliwa na nondo akaukata vipande vya kufunika vifungo. Lesi aliitoa kwenye kitambaa cha meza cha jirani, malipo ya kumpindia sketi. Ile nguo ya ndani ya kubana kiuno, ambayo wenye pesa wanaiwekea mifupa ya chuma, yeye aliiwekea mikanda ya plastiki inayofungia marobota ya vitambaa kazini kwao. Ilikuwa inatupwa. Akaikata, akaziyeyusha ncha kwa kiberiti zisimchome mbavu, akaishonea ndani ya bitana. Ukimgonga mgongoni unasikia mlio wa ndoo, lakini kwa macho ni malkia. Buti zilikuwa za baba yake, shemeji yangu, mlinzi wa ghala, siku alipopewa mpya. Na ile rangi ya midomo ya kutisha watoto ni wanja na mafuta ya mgando, basi.

Kilichobaki, alikipika. Ana unga wake mweusi wa rangi, anauchanganya na chumvi na magadi, analowekea nguo kwenye pipa mpaka asubuhi. Aliniambia siri yake: pamba inakunywa rangi kama mlevi, lakini poliesta hufunga mdomo kama mtoto anayepewa dawa, hata uibembeleze vipi inatoka na rangi yake iliyokuja nayo. Kwa hiyo kabla ya kununua huchomoa uzi mmoja na kuuwasha. Ukiacha majivu na harufu ya karatasi, hiyo pamba. Ukiyeyuka ukawa punje ngumu, anarudisha. Siku hizi wauzaji wakimwona anatoa kiberiti wanakusanya mali zao.

Kwa njia hiyo sweta la zawadi lilizama kwenye pipa, gauni la kumaliza shule likazama, blauzi zikazama zote. Ikafika mahali katika kabati lake hapakuwa na rangi nyingine hata ya kufutia viatu.

Mwenye kuumia alikuwa dada yangu. Dada ni mwalimu wa chekechea, mtu anayeamini katika rangi. Kwake hata saa ya ukutani ina maua. "Nimezaa mtoto au nimezaa mwavuli?" alikuwa akiniuliza, kana kwamba mimi ndiye niliyejifungua. Mimi nilimjibu kwamba mwavuli angalau una faida. Hakunipa chai siku hiyo.

Sasa akatokea Fundi Friji. Kijana mpole, mikono mikubwa, aliitwa kutengeneza friji la vinywaji kwenye duka la misumari, akatoa kichwa nyuma ya friji akamwona Kaniki anashuka ngazi na koti lake la mahameli. Wengine huuliza, "Nani kafa?" Yeye aliuliza, "Hilo koti lina bitana?" Kaniki akamfunulia pindo akamwonyesha. Kuanzia siku hiyo friji lile likawa linaharibika kila wiki.

"Mjomba," Kaniki aliniambia, na safari hii hakucheka, "huyu nikimkosa sitampata mwingine."

Fundi Friji akawaambia wazazi wake habari ya binti. Habari ya nguo hakuwaambia. Alisema wazazi wake ni watu wa utaratibu, atawaeleza polepole. Polepole ikachukua muda, wazee wakapanga siku ya kuja kutoa neno la posa, na bado polepole haijafika.

Dada akamketisha Kaniki. Mimi nilikuwepo, kwa sababu msemaji wa familia ni mimi. Jambo hilo halikujadiliwa. Mdomo kama huu haukodishwi.

"Siku moja tu," dada akasema. "Siku moja, mwanangu. Ukitoka mbele ya wale watu na hayo mavazi yako, wataondoka hata maji hawajanywa. Unamtaka kijana au humtaki?"

Kaniki aliangalia buti zake. "Namtaka."

"Basi."

"Siku moja," Kaniki akasema, kama mtu anayekubali kung'olewa jino.

Dada akamnunulia gauni. La njano. Siyo njano ya kawaida, njano ya kuonya magari, mabega yamevimba kama mito, kifuani ua kubwa kama sahani. Kaniki alilipapasa kati ya vidole viwili, akalinusa, akasema kwa sauti ya daktari anayetoa majibu mabaya, "Poliesta tupu." Akalitundika mlangoni, akawa analipita upande upande.

Jioni ya kuamkia siku yenyewe, dada aliamua kufua. Kwake yeye mgeni haangalii mtu, anaangalia kitambaa. Akakusanya kila chenye heshima ndani ya nyumba: mapazia ya sebuleni, foronya za makochi, kitambaa cha meza, gauni lake la pamba la maua, shati na suruali ya shemeji, na suti yangu nyeupe ya kitani niliyoipeleka ipigwe pasi, ambayo nikiivaa watu hunipisha njia. Juu yake akatupia na lile gauni la njano, litoke harufu ya dukani. Vyote kwenye pipa, maji juu, kisha akachota sabuni ya unga kwenye kopo.

Hapa lazima muijue nyumba ya dada yangu. Mle ndani hakuna kopo linalosema kweli. Kopo la maziwa lina chumvi, kopo la biskuti lina sindano, la kahawa lina betri zilizokufa. Mgeni akitaka sukari anafungua makopo kama anayetafuta bomu. Na kopo la sabuni ya unga, kwa tabia hiyo hiyo ya urithi, Kaniki alikuwa ametilia unga wake mweusi, tayari na chumvi na magadi.

Dada alichota huku akibishana na mke wa Kijiko juu ya ukuta, macho kule, mkono huku. Akakoroga kwa mti bila kugeuka, akafunika pipa lisiingie vumbi, akaenda kusonga nywele. Kulowekwa mpaka asubuhi, ndivyo alivyotaka mwenyewe.

Asubuhi nilikuta kelele. Dada amesimama mbele ya kamba ya nguo, mikono imemwiva weusi mpaka viwikoni. Kwenye kamba kulikuwa na kila kitu, na kila kitu kilikuwa cheusi. Mapazia, meusi. Foronya, nyeusi. Gauni la maua, hakuna hata jani. Suti yangu, jamani, suti yangu ilikuwa nyeusi tii, isipokuwa nyuzi za mishono, ambazo ni poliesta, zimebaki nyeupe, kwa hiyo ilionekana kama ramani ya mtu. Na katikati ya weusi ule, likipepea kwa furaha bila doa, gauni la njano.

Kaniki alikuwa akipita kwenye kamba akigusa kitambaa kimoja kimoja. Alijaribu kusikitika. Nilimwona akijaribu.

"Imeshika vizuri," akasema kwa sauti ndogo. "Sijawahi kupata hata mimi nyeusi ya namna hii. Mama, ulikoroga vipi?"

"Nitakukoroga wewe!"

"Tuwapigie simu tuahirishe," akasema shemeji, ambaye akiwa kwenye zamu au nyumbani shauri lake ni moja, kufunga geti.

"Posa haiahirishwi," dada akasema. "Ikiahirishwa imekufa. Vaeni."

Tukavaa. Tungevaa nini? Zilizobaki ni nguo za kushindia, zenye matundu ya kuingiza feni. Makochi nayo bila foronya yanatoa sponji kama mtu anayetoa ulimi. Tukapiga pasi, tukatundika, tukatandika. Saa ya wageni ilipokaribia, sebule ya mwalimu wa chekechea ilikuwa giza, na sisi watatu tumeketi ndani yake weusi kama mbegu za papai. Nitawaambia ukweli: tulipendeza. Dada alipita mbele ya kioo mara mbili zaidi ya ilivyohitajika.

Kaniki alikuwa jikoni na njano yake, akisubiri kuitwa.

Wageni wakaja. Baba yake Fundi Friji, mzee mrefu mwembamba wa koti la kijivu. Na mkewe, mama mnene mwenye macho yanayohesabu vitu. Walifika mlangoni wanatabasamu. Mzee akaona mapazia. Akaona meza. Akatuona sisi tumesimama kwa mstari. Tabasamu likamtoka polepole, akavua kofia akaibana kifuani.

"Ee Mungu wangu," mama akanong'ona, na kabla hatujasema karibu, alikuwa amemkumbatia dada yangu, analia begani kwake. Kilio cha kweli, cha mtu anayejua kazi yake.

"Jamani, mngetutumia habari," mzee akasema. "Sisi tumekuja na jambo letu la furaha, kumbe nyumba ina msiba."

Hapo ndipo penye wazee haliharibiki neno. Nilifungua mdomo niseme: hapana mzee wangu, ni ajali ya kufua. Lakini aliyeanza na ajali ya kufua ataulizwa rangi ilitoka wapi, na akiulizwa rangi ilitoka wapi atafika kwenye kabati la Kaniki. Dada aliiona njia hiyo yote kwa mkupuo mmoja. Akanikanyaga.

"Ndiyo," akasema, akijifuta macho makavu. "Tumefiwa. Mama yetu mdogo. Wa mbali."

Mama yetu alizaliwa peke yake. Dada yangu alimzaa mama mdogo, akamlea na kumzika katika pumzi moja.

"Pole sana. Aliugua?"

"Tumbo," dada akasema.

"Gari," shemeji akasema wakati huo huo.

Wageni wakatutazama.

"Gari lilimgonga tumbo," nikasema mimi. Msemaji wa familia ni msemaji.

Wakatikisa vichwa kwa uchungu. Tukaketi. Mzee akasema habari ya watoto basi tuiache mpaka tutakapomaliza siku za huzuni, na dada akaitikia haraka, kwa sababu huzuni inaisha, lakini wakwe wakikimbia hawarudi. Mambo yalikuwa yananyooka. Ningeweza kuyanyoosha mpaka mwisho, isipokuwa Kaniki, ambaye huko jikoni hakusikia lolote, alisikia watu wamekaa akaona ndiyo saa yake. Akaingia.

Aliingia kama alivyofundishwa, sinia ya vinywaji mkononi, tabasamu la meno yote, mabega yamevimba, ua kifuani, njano kama jua limepasukia sebuleni. Katika giza lile ilibidi nikinge macho.

"Shikamooni," akasema kwa uchangamfu.

Mama yake Fundi Friji alimtazama kuanzia ua mpaka viatu.

"Huyu ndiye?"

"Ndiye," dada akasema.

"Na marehemu si bibi yake?"

Kaniki akageuka. "Marehemu gani? Mama? Nani kafa?"

"Tulikuwa hatujamwambia," nikaingilia. "Ana moyo mwepesi."

Ndipo yule mama, kwa wema wake, akamshika mkono amketishe ampe habari taratibu. Na mpwa wangu, kwa kusikia wema ule, akaamini. Uso ukamvunjika. Akaanza kutaja watu mmoja mmoja, bibi yake, rafiki yake wa cherehani ya vifungo, kisha akataja jina la Fundi Friji kwa sauti ambayo nisingependa kuisikia tena, kwa sababu jana yake alikuwa amemwambia anapanda juu ya paa kufunga mtambo wa kupooza hewa.

"Siye, siye!" dada akaruka. "Mzima! Ni mama mdogo wa mbali tu!"

"Mama mdogo yupi?"

Dada akaanza kunyoosha kitambaa cha meza.

"Bibi alizaliwa peke yake," Kaniki akasema, machozi yangali yanamtiririka. Akatutazama watatu, weusi, wenye mishono ya rangi rangi. Akaelewa. Akaweka sinia mezani, akatoka bila neno.

Mzee alisimama, akavaa kofia. "Mke wangu, inuka. Nyumba inayojizulia mauti, ikitukopesha binti itatuzulia na wajukuu."

Njia ya mwongo ni fupi, na ile yetu ilikuwa imefika ukingoni pamoja na posa. Dada alikuwa anasonya na kulia kwa pamoja, kitu ambacho sikujua kinawezekana. Mimi nilianza hotuba. Nilisema kuhusu wema wa ukoo wetu, nikafika kwa babu, na mzee alikuwa tayari ameshika kitasa, Kaniki aliporudi.

Alikuwa amevaa vyote. Koti la pazia mpaka chini, kibana kiuno chenye mikanda ya robota, lesi ya kitambaa cha meza mpaka kwenye vidole, mnyororo, buti za mlinzi wa ghala, na midomo ya wanja. Uso umeoshwa, macho mekundu.

"Hakuna aliyekufa," akasema. "Mama alinifichia aibu. Mimi huvaa hivi. Kazini, sokoni, kila siku. Rangi iliyowaharibia hawa nguo ni yangu, niliweka kwenye kopo la sabuni. Lile la njano si langu, na mwanenu hanijui kwa njano. Mnaweza kwenda, lakini msiende mkisema ni nyumba ya waongo. Ni nyumba ya mtu mmoja anayependa nyeusi, na wengine wanaompenda vibaya vibaya hivyo hivyo."

Mama yake Fundi Friji akashika kifua. Mzee alikuwa ameachia kitasa. Na Kaniki, ambaye hata siku ya kiama ataangalia mishono kwanza, alimkazia macho shingoni.

"Baba," akasema, "kola yako imegeuzwa."

Nikajua tumekwisha. Lakini mzee akaupeleka mkono shingoni kama mtu aliyetajiwa jina la utotoni. "Umeonaje?"

"Ilichakaa upande wa juu, ikafumuliwa, ikapinduliwa, ikarudishiwa. Mshono umefuata matundu ya zamani. Kazini kwetu wawili tu wanaweza. Nani alikugeuzia?"

"Mimi mwenyewe," mzee akasema, na kwa mara ya kwanza nilimwona anavimba. "Koti hili nimelivaa tangu kijana hajazaliwa." Akarudi hatua moja. "Hilo lako ni mahameli?"

"Pazia, baba. Lililiwa na nondo."

"Pazia!" Akarudi hatua nyingine, akakamata pindo. "Na hiki cha ndani kinachokaza?"

"Mikanda ya marobota. Inatupwa."

"Inatupwa," mzee akarudia, kama mtu anayeonja asali. Akamwita mkewe aje aone. Akauliza lesi, akauliza buti, akauliza wanja. Kila jibu lilimkalisha chini kidogo, mpaka akajikuta kwenye kochi, kofia imevuliwa, glasi mkononi. Ndipo nilipotambua tumepewa mkwe wa namna gani: mkono wa birika uliotengenezwa kwa mikono. Na mkewe, macho yale yanayohesabu, alikuwa ameshafungua mkoba kumwonyesha Kaniki zipu iliyokufa, kama inaweza kufufuka.

Dada alikuwa amepigania siku moja ya njano, kumbe nyeusi aliyoiogopa ndiyo iliyobeba baraka.

"Binti huyu," mzee akaniambia, kwa kuwa msemaji ni mimi, "tunamchukua. Na harusi isiwe ya hasara. Gauni jeupe linavaliwa siku moja linakaa kwenye sanduku maisha. Avae hili hili. Kesho yake anaenda nalo kazini."

"Jeusi?" dada akalia. "Harusi ya mwanangu wa pekee?"

"Mama, nyeusi ni akili," mzee akamtuliza. "Haionyeshi uchafu. Unavaa wiki nzima. Sabuni kipande kimoja kinadumu, we acha tu!"

Nilimtazama mpwa wangu. Amewahi kuitwa mchawi, jini, mwavuli, na lile la Kaniki alilopewa na mjomba wake mwenyewe, na yote aliyacheka. Lakini hili la sabuni lilimwingia mbavuni na kupita katikati ya mikanda yote ya robota. Uzuri wa giza alioukusanya uzi kwa uzi, leo umesifiwa kwa sifa za dekio.

"Sasa, mpwa wangu," nikamwambia kwa sauti ya kazi, kwa kuwa neno la mwisho ni la mwenyewe, "umewasikia wazee. Unamtaka kijana wao, humtaki?"

Alijishika lesi ya mkononi, akainyoosha kidole kwa kidole.

"Namtaka," akasema. "Na nyeusi ya harusi nitaishona mwenyewe, mpya, ndefu, ya siku moja tu, halafu nitaitia sandukuni. Lakini baba akinitajia tena sabuni, nahamia kwenye njano, navaa njano mpaka nazeeka."

Mzee akafungua mdomo. Akaifikiria njano: jasho lake, vumbi lake, kufuliwa kwake kila siku. Akaufunga, akaomba aongezewe kinywaji.